Sita: ongeza au toa, jibu ni lile lile

Wadau, leo namba 6. Walimu wa hesabu huisifu kwa sababu ni namba kamilifu: zile ndogo zinazoigawa bila baki, yaani 1, 2 na 3, ukizijumlisha unapata 6 yenyewe. Inayofuata yenye sifa hiyo ni 28, kisha 496. Sawa, ni tamu. Lakini mimi ninayekula kwa kuandika programu hapa Kibomet naipenda kwa sababu nyingine: saa.

Saa ya Kiswahili na ya Kizungu hupishana kwa 6, na uso wa saa una 12. Saa mbili asubuhi, ongeza 6, ni 8. Chukua hiyo 8 uongeze 6 tena: 14, toa 12, umerudi kwa 2. Huhitaji kanuni moja ya kwenda na nyingine ya kurudi! Ukiacha 0, ambayo haibadilishi kitu, hakuna namba nyingine kwenye duara la 12 inayofanya hivi. Tungepishana kwa 5, kwenda ungeongeza 5 na kurudi ungeongeza 7. Ndiyo maana wazee wetu hutazama tu upande wa pili wa mshale, bila kuhesabu.

Sasa kero yangu. Juzi jirani alinionyesha ujumbe wa simu kutoka kliniki fulani: "Fika saa 8:00 asubuhi." Saa nane asubuhi ndiyo saa gani? Aliyeandika programu alitafsiri neno akaiacha namba. Mama wa watu akaenda saa nane mchana, akakuta daktari ameshaondoka. Nauli ya bodaboda imekwenda bure, na dawa hakupata.

Kuna wanaosema watu wazoee tu saa ya Kizungu. Sikubali. Saa yetu inahesabu kutoka macheo, na karibu na ikweta macheo hayahamihami. (Ni kweli Kitale tuko nyuzi 35 mashariki na saa ya Afrika Mashariki imepimwa kwa nyuzi 45, kwa hiyo jua letu la utosini hufika kama dakika 40 baada ya saa sita. Hilo halimsumbui mtu.)

Ila wenzangu wa programu, tahadhari: kompyuta huhifadhi saa 24, na kwenye duara la 24 ile sifa ya 6 inapotea. Saa mbili usiku ni 20:00. 20 ongeza 6 ni 26, toa 24, unabaki na 2 ya asubuhi! Kurudi lazima utoe 6: 14, yaani saa 12 za mchana na 2 za usiku. Kwa hiyo maneno asubuhi, mchana, jioni na usiku si mapambo, yamebeba nusu ya habari. Na tarehe je? "Jumatatu saa nane usiku" ni usiku upi? Watangazaji wetu walishatatua hilo zamani: usiku wa kuamkia Jumanne. Hakuna utata hapo.

Ujumbe ninaotuma mimi huandika "saa mbili asubuhi (08:00)", neno kwa Kiswahili, tarakimu kwa saa 24. Ni herufi chache tu zaidi, na bado zinaenea kwenye SMS moja.