Vifaru Katika Simu, na Vifaru vya Kweli



Jumamosi ya juma lililopita nilikuwa ofisini nikinakili vyeti vya ubatizo, mara nikasikia makelele barazani. "Vinakuja! Vinakuja! Piga! Aa, umekimbia, mwoga we!" Nikadhani nyuki wa darini wametoka tena. Nikatoka mbio na ufagio mkononi. Kumbe si nyuki. Walikuwa vijana wanne wa kwaya, wanamngoja mwalimu wao, vichwa vimekutana juu ya simu moja.

Nikawauliza, "Nini kinakuja?" Wakajibu, "Vifaru, Karani."

Wakanionyesha. Ni mchezo wa vita. Mchezaji hupewa kijiji cha kulinda, mto mbele yake, daraja moja, askari wachache, mizinga michache, na mabomu ya kutega ardhini. Kisha adui huleta vifaru, kundi baada ya kundi. Kijiji kikitekwa, mchezo umekwisha. Vijana wetu walikuwa wamekwisha kushindwa mara sita. Safari ile ya sita mdogo wao, mwanafunzi wa kidato cha pili, alipoviona vifaru aliwaondoa askari wake kwenye handaki akawarudisha nyuma mpaka kwenye migomba. Wenzake wakamkasirikia, wakamwita mwoga, hata macho yakaanza kumlengalenga.

Pale kwenye benchi alikuwa amekaa mzee mmoja, ambaye alikuja kuchukua cheti cha mjukuu wake. Ni mtu wa maneno machache. Jumuiya yake wanamjua kwa kahawa yake safi na kwa ukimya wake. Akasema, "Nipeni niione hiyo vita."

Wakampa simu. Akaishika mbali na macho, kama sisi sote tutakavyoishika siku moja, akatazama kitambo. Kisha akauliza, "Nyumba hizi ni za nani?"

Wakacheka. "Babu, humu hamna watu. Mna askari tu."

"Na migomba hii?"

"Ni picha tu, babu."

Akarudisha simu. Akachukua mkongojo wake, akachora mstari mavumbini mbele ya ofisi. Penye mkeka tulikuwa tumeanika kahawa. Akachota punje kiganja kimoja. "Huu ni Mto Kagera," akasema. "Hapa ni Kyaka. Kule juu ni Mutukula. Punje hizi ni vifaru. Sasa nielezeni mlivyoshindwa."

Mwenye simu akaeleza: waliona vifaru vingi, wakalilipua daraja wao wenyewe, kisha wakahamisha mizinga yote upande wa pili, kwa kuwa mto wenyewe utawazuia adui. Adui akaja usiku akatandika daraja jingine mahali pasipo na mlinzi, akavuka.

Mzee akatikisa kichwa. "Ndivyo alivyofanya Amin," akasema.

Wasomaji wangu, wengi wenu mnayajua mambo haya kuliko mimi niliyezaliwa baadaye, lakini niyaweke kwa mpango, kwa ajili ya watoto. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia katika mkoa wetu, wakati ule ukiitwa Ziwa Magharibi, yakaiteka nchi yote iliyo kati ya mpaka na Mto Kagera. Novemba 1 redio ya Uganda ikatangaza kwamba nchi ile sasa ni ya Uganda. Siku iliyofuata Mwalimu Nyerere akaliambia taifa kwamba sababu ya kumpiga tunayo, uwezo tunao, na nia tunayo. Upande wa pili waliona daraja la Kyaka ndilo mlango wa kurudishia majeshi yetu. Ndege zao zilijaribu kulivunja kwa mabomu, zikashindwa. Ndipo Novemba 3 likalipuliwa kwa baruti, kwa msaada wa fundi aliyetoka mgodi wa shaba wa Kilembe. Wakaona mto umekuwa ukuta wao, wakashughulika na kupora. Ng'ombe walichukuliwa kwa maelfu, na kiwanda cha sukari kikaharibiwa. Lakini kabla Novemba haijaisha wanajeshi wetu walikuwa wanavuka, na daraja la muda likatandikwa juu ya maji yale yale.

"Mto usio na macho si mto," mzee akawaambia vijana. "Shimo usilolilinda, adui atalifukia. Daraja ukilivunja, baki hapo hapo na bunduki yako, ulitazame lile pengo usiku na mchana. Hapo ndipo mto unakuwa rafiki yako."

Somo la pili likawa juu ya kifaru chenyewe. Kijana mmoja alisema kifaru hakipigiki, maana ni chuma kitupu. Mzee akaweka punje moja peke yake mavumbini. Kifaru kama T-55, akasema, kina uzito wa tani 36 hivi, na ndani wamo watu wanne. Watu hao, wakikifunga, huona kwa vitundu vidogo tu. Ni kama mtu aliyevaa pipa kichwani. Hawasikii kitu ila ngurumo ya injini yao. Chuma kilicho kinene kiko mbele; ubavuni na nyuma ni chembamba. Basi anayekingoja kwa mbele anajitafutia kifo, lakini anayejificha ubavuni mwa njia, akakiacha kipite kidogo, huyo ana nafasi. Ndiyo sababu kifaru hakitembei peke yake; huandamana na askari wa miguu, wawe macho yake. Watenge wale askari wa miguu, na kifaru kinakuwa kipofu shambani.

Tena kifaru ni mlaji mkubwa wa mafuta, wala hakipendi matope. Hapo vijana wakatazamana. Nani katika nchi yetu asiyejua matope? Tani 36 katika bwawa la mafunjo hazitoki kwa kusukuma. Kwa hiyo vifaru hufuata barabara na ardhi ngumu, na mwenye kulinda akijua hilo anajua njia watakayopita kabla hawajafika.

Hata hapo vijana walikuwa wanacheka na kusukumana. Walipofika kwenye somo la tatu hawakucheka tena.

Mzee alimtazama yule mdogo aliyeitwa mwoga, akamwambia, "Wewe umerudisha watu wako nyuma. Waliosema umekosa ni nani? Walikuwapo Lukaya?"

Hawakujua Lukaya ni wapi. Basi akafuta mto wa Kagera kwa mguu, akachora barabara ndefu inayopita katika bwawa. Lukaya ni mji mdogo nchini Uganda, kati ya Masaka na Kampala. Vikosi vyetu vilikwisha kuiteka Mutukula Januari 1979, na Masaka mwezi wa pili. Machi 10, 1979, Brigedi ya 201, ambayo wengi wake walikuwa mgambo, vijana wa kulima jana na kushika bunduki leo, ilikuwa Lukaya. Jioni ile likaja jeshi la Amin pamoja na Walibya waliotumwa na Gaddafi kumsaidia, wana vifaru na magari ya kurushia makombora mengi kwa mara moja. Makombora yale yalipita juu ya mji wala hayakuwaangukia watu wetu. Lakini sauti yake, na vile vifaru vilivyofuata nyuma, vilitosha.

Mzee akanyamaza. Punje za kahawa alizishika mkononi asiziweke chini.

"Mimi nilikuwa mgambo," akasema. "Nilikimbia."

Wapenzi, mimi namjua mzee huyu tangu nilipoanza kazi hapa baada ya kutoka chuo cha ualimu. Sikupata kusikia neno hili. Naamini hata nyumbani kwake hawajapata kulisikia. Vijana walitulia kimya, na simu ikazima taa yake yenyewe.

"Nilikimbia mpaka kwenye bwawa, maji kifuani," akaendelea. "Si mimi peke yangu. Usiku nikasikia afisa anatuita, hatukani, anaita tu: njooni huku, njooni huku. Tukakusanyika mmoja mmoja. Mwenye bunduki akasimama na mwenye bunduki. Asubuhi tukarudi."

Yaliyotokea usiku ule yamo katika historia. Adui aliyetwaa Lukaya alikuwa na amri ya kwenda mpaka Masaka, lakini alisimama palepale. Wakubwa wa jeshi letu hawakupoteza saa. Brigedi ya 208, iliyokuwa mbali upande wa kaskazini magharibi, kama kilomita 60, iliamriwa igeuke upesi iwahi barabara ya Kampala, nyuma ya adui. Alfajiri ya Machi 11 ile brigedi ya 201 iliyotawanyika jana ilishambulia kwa mbele, na ya 208 ikashambulia kwa nyuma. Vile vifaru vilivyotisha jana vikajikuta vimebanwa katikati, na bwawa pembeni. Walibya waliokufa siku ile walifika 200 hivi. Baada ya hapo njia ya Kampala ilikuwa wazi, na mji ule ukaingiwa Aprili 10 na 11.

"Kurudi nyuma si kosa," mzee akamwambia yule mdogo. "Kosa ni kurudi nyuma bila kujua mtakutana wapi. Kabla hujamweka mtu katika handaki la kwanza, mwonyeshe la pili. Akijua pa kwenda, atarudi akiwa askari. Asipojua, atarudi akiwa mkimbizi. Nami nayajua yote mawili."

Kisha akaeleza hilo la ukimbizi. Kabla ya kuwa mgambo alikuwa kijana wa kijiji kimoja ng'ambo ya mto. Askari wa Amin walipoingia, yeye na mama yake walivuka kuja kusini usiku, wakaacha ng'ombe zizini, na ndizi za pombe zilizokuwa zimefukiwa shimoni zikiiva. Hawakubeba ila chungu kimoja na mtoto mmoja, dada yake mdogo, aliyezaliwa juma lile.

Hapo nikakumbuka kitu. Nikaingia ofisini, nikafungua kabati la vitabu vya zamani, nikatoa kitabu cha ubatizo cha mwaka 1978. Mara nyingi nimepita kwenye kurasa zile bila kufikiri. Novemba na Desemba ya mwaka ule yapo majina ya watoto ambao mahali pa kuzaliwa pameandikwa vijiji vya ng'ambo ya Kagera, na mahali pa wazazi wanapoishi karani aliyenitangulia ameacha wazi. Mwandiko wake ni mzuri sana, hakusahau. Hakuwa na la kuandika. Nikaleta kitabu barazani. Mzee akapitisha kidole polepole, akakisimamisha kwenye jina moja, akasema, "Huyu."

Nikawaambia vijana, "Mnaona? Ndio wenye nyumba mliyoulizwa."

Mwalimu wa kwaya alipofika aliwakuta vijana wanne wamechuchumaa kuzunguka kitabu, na simu imesahauliwa kwenye benchi. Baadaye, sitawaficha, walicheza tena. Safari hii walivunja daraja wakabaki kulilinda, wakaficha mizinga ubavuni mwa barabara, na yule mdogo akapewa kazi ya kupanga handaki la pili. Walishinda. Hakuna aliyepiga kelele.

Wasomaji wapenzi, nimeandika haya kwa sababu mbili.

Kwanza, wazazi wengi huja ofisini kulalamika juu ya michezo ya simu. Ni kweli, mtoto akikesha na simu, jembe na daftari vitamlilia. Mwekeeni saa yake. Lakini kabla hujamnyang'anya, kaa karibu naye umwulize anacheza nini, kisha umwulize swali la mzee: nyumba hizi ni za nani? Mtoto anayejua kujibu swali hilo hataona vita kuwa jambo la kuchekea, hata akiwa anacheza.

Pili, sisi wa Muleba tunapita njia ya Kaboya kila siku, kwenda sokoni na kurudi, na pale wamelala askari wetu waliokufa katika vita ile. Watu wa Kyaka wanayapita magofu ya kanisa lililovunjwa vitani. Makaburi na magofu yatabaki. Lakini waliovuka mto usiku, na waliokimbia wakarudi alfajiri, umri wao sasa unakaribia miaka sabini au umepita. Kila mwaka naandika baadhi yao katika kitabu kingine, kile cha marehemu. Wengi wananyamaza kwa kuwa hakuna aliyewauliza, na wengine kwa kuwa wana jambo wanaloliona la aibu. Waulizeni kwa adabu, jioni, moto ukiwaka. Wala msimcheke anayesema alikimbia.

Mzee alipoondoka na cheti cha mjukuu wake, yule mdogo alimshika mkono akamsindikiza mpaka njia panda. Punje za kahawa alizirudisha kwenye mkeka, zote, akazihesabu.

Ni mimi, Karani wenu wa parokia.