Uzinduzi wa pamoja wa taarabu: Fahari wawili, jukwaa moja

WAHENGA walisema fahari wawili hawakai zizi moja. Katika taarabu, usemi huo umechukuliwa kwa miaka mingi kuwa kanuni ya biashara. Ndiyo maana vikundi viwili vinapoamua kuzindua albamu zao usiku mmoja, katika ukumbi mmoja, mashabiki huuliza kwanza nani atamfunika mwenzake. Swali lenye uzito zaidi ni nani atanufaika.

Ushindani huo una historia ndefu. Visiwani Zanzibar, Nadi Ikhwan Safaa, iliyoanzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club, iliyoanza mwaka 1958, zimegawana wapenzi kwa vizazi kadhaa. Jijini Dar es Salaam, miaka ya 1990 ilikuwa ya Muungano Cultural Troupe na Tanzania One Theatre (TOT), kundi lililoongozwa na Kapteni John Komba, aliyefariki dunia mwaka 2015.

Khadija Kopa, aliyetokea Culture, aliibeba TOT, huku Nasma Khamis akisimama upande wa Muungano. Wimbo wa huku ulijibiwa na wimbo wa kule, na mipasho hiyo ikajaza kumbi.

Hapo ndipo penye fundisho. Mahasimu hao walikuwa wakitegemeana. Bila wa kumjibu, mpashaji hana wa kumpasha. Uzinduzi wa pamoja unafanya waziwazi kile ambacho ushindani ulikuwa ukikifanya kwa siri: kuwaleta mashabiki wa pande mbili mlangoni.

Sababu ya pili ni fedha. Enzi za kanda, kundi liliweza kutarajia malipo kutoka kwa msambazaji, ingawa wasanii wengi waliuza kazi zao kwa malipo ya mkupuo na hawakuona tena senti moja baada ya hapo. Kanda zimekwisha, na nyimbo sasa husikilizwa kwenye simu. Kwa vikundi vingi, albamu imebaki kuwa sababu ya kuwaita watu ukumbini.

Msanii wa muziki wa kizazi kipya anaweza kupanda jukwaani peke yake na muziki uliokwisha kurekodiwa. Kundi la taarabu haliwezi. Lina waimbaji, waitikiaji na wapiga vyombo. Lina sare za kushonesha na usafiri wa kulipia. Juu ya hayo kuna kodi ya ukumbi, vipaza sauti, ulinzi na matangazo ya redioni. Gharama hizo zikigawanywa kwa vikundi viwili, kila kimoja hupumua.

Hata hivyo, kugawana gharama ni rahisi kuliko kugawana mapato. Kundi lenye jina kubwa litadai sehemu kubwa ya viingilio na nafasi ya kupanda mwisho. Kundi dogo linaweza kujikuta limegeuzwa msindikizaji katika shughuli lililoilipia. Kisha kuna fedha za kutunza, ambazo mashabiki humpelekea mwimbaji mkononi. Je, ni zake, au zinaingia katika kapu la kundi? Maswali hayo yakiachwa hadi saa nane za usiku, hujibiwa kwa ugomvi.

Anayesahaulika zaidi ni mtunzi. Taarabu ni ushairi kabla ya kuwa muziki, lakini mshairi hatunzwi jukwaani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda Tanzania Bara, na Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003. Ulinzi huo hauna maana iwapo vikundi vyenyewe haviandiki nani alitunga nini na kwa malipo gani.

Kwa hiyo, uzinduzi wa pamoja utakuwa mkombozi kwa masharti: makubaliano yawekwe kwa maandishi kabla tiketi ya kwanza haijauzwa, mgawo wa viingilio ujulikane, na watunzi wawe na fungu lao.

Ushindani na ubaki jukwaani, kwani bila huo taarabu itapoa. Lakini hesabu zifanyike mezani, mchana kweupe, wakati pande zote mbili bado zinasalimiana.