MPYA KWA NANI?

Mwaka 1991, katika kambi moja ndani ya misitu ya Udzungwa, huku kwetu Kilolo, wataalamu kutoka Denmark waliona miguu ya ndege sufuriani. Ndege yule hakuwamo katika kitabu cho chote. Mwaka 1994 habari zake zikachapishwa Uingereza, kwa Kiingereza. Dunia ikaambiwa: kwale mpya amegunduliwa!

Twauliza: mpya kwa nani? Je, waliomtia sufuriani hawakumjua?

Wataalamu hatuwachukii, elimu twaitaka. Lakini twakataa wananchi kuwa wapagazi na wapishi wa utafiti siku zote. Anayechunguza misitu yetu, mashamba yetu au damu yetu, arudi kijijini atueleze kwa Kiswahili alichokiona. Na watoto wetu wasomeshwe, washike darubini wenyewe!