Utumbo wa Panya Si Kichekesho

Kuna wenzetu wanaocheka ati wataalamu wamekosa kazi hata wanakuza utumbo wa panya! Mimi sioni kichekesho.

Mwaka wa 2009, Toshiro Sato na Hans Clevers, huko Uholanzi, walitangaza kwamba seli moja ya utumbo wa panya, ikilishwa vyema, hukua ikawa kijiutumbo kidogo kuliko punje ya wimbi. Kinaitwa oganoidi. Humo huchunguzwa jinsi saratani ya utumbo mpana inavyoanza, na dawa hujaribiwa humo kabla ya kupewa mgonjwa.

Je, yatuhusu nini sisi wa Ukambani? Yatuhusu sana! Mwaka wa 2004 mahindi yenye aflatoksini yaliwadhuru watu 317, wengi wao wa Makueni na Kitui. 125 walifariki. Sumu hiyo ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi huleta saratani ya ini, na oganoidi za ini pia hukuzwa.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Basi nani atauchunguza ugali wetu kama si sisi? Wenzangu, tusiikimbie Bayolojia ati ni ngumu. Walimu nao, tufungulieni maabara hata Jumamosi!