Mashangingi ya Marekani: yatakufa kweli?

Wadau, kila mafuta yakipanda bei nasikia wimbo uleule: magari makubwa ya familia kule Marekani sasa basi. Mimi nasema bado sana.

Cheki 2008. Mwezi wa saba pipa lilifika dola 147, petroli ikapita dola 4 kwa galoni, yaani lita kama 3.8. Watu wakayakimbia ma-Tahoe na ma-Suburban kama yana ukoma. Kiwanda cha GM cha Janesville, Wisconsin, kilichokuwa kikiyaunda, kikasimama siku mbili kabla ya Krismasi. Hummer nayo Wachina walitaka kuinunua, dili likafa 2010, ikafa nalo.

Kumbe wapi! Mafuta yaliposhuka watu wakarudi mbio. 2018 Ford ikatangaza kuachana na karibu saluni zake zote huko, ikabakiza Mustang. 2023 karibu nusu ya magari mapya yaliyouzwa duniani yalikuwa SUV.

Mchawi ni sheria yao ya matumizi ya mafuta ya miaka ya 1970. Iliyalegezea masharti magari ya mizigo, na SUV zikahesabiwa humo humo. Kampuni zikaona faida iko huko, zikakomaa nayo. (Shangingi la serikali hapa Bongo ni kesi nyingine, anayepanda siye anayelipia mafuta.)

Umeme nao haujayaua: Hummer ilifufuka 2021, ya umeme, tani zaidi ya 4!

Walioumia ni wafanyakazi wa Janesville. SUV zilirudi, kiwanda chao hakikufunguliwa tena.