Nyumba ya Mjane Mary

Wamama wapendwa, juma hili tunaenda mbali, mpaka mji wa Salt Lake City huko Marekani. Pale kuna makumbusho ya majengo ya zamani, na kati yake nyumba moja ndogo ya vyumba viwili. Kuta zake ni matofali ya udongo yaliyokaushwa juani bila kuchomwa, kama yale tunayoyafahamu vizuri kwetu. Nyumba hiyo ni ya mwanamke aliyeitwa Mary Fielding Smith.

Mary alizaliwa Uingereza mwaka 1801. Mwaka 1837 aliolewa na Hyrum Smith, mmoja wa viongozi wa kanisa la Wamormoni, ambaye mke wake wa kwanza alikuwa amefariki na kumwachia watoto wadogo. Mary aliwalea hao, kisha akazaa wake wawili, Joseph na Martha Ann. Tarehe 27 Juni 1844 watu wenye silaha walivamia gereza la Carthage wakamuua Hyrum.

Wamormoni walipofukuzwa, walihama kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, safari ya zaidi ya kilomita 1,600. Mwaka 1848 zamu ya Mary ilifika. Kiongozi wa msafara alimtazama, akamwambia abaki, maana atakuwa mzigo kwa wengine. Mary alijibu kwamba atafika bondeni kabla yake, na hatamwomba msaada. Joseph, ambaye hakuwa bado na miaka kumi, aliswaga ng'ombe njia nzima. Tarehe 23 Septemba waliingia bondeni, na kama Joseph alivyosimulia baadaye, kiongozi yule alifika nyuma yao.

Kufika hakukuwa kupata nyumba. Walilima kwanza, wakavumilia baridi kali. Ni mwaka 1850 tu ndipo waliingia ndani ya vile vyumba viwili. Mary aliishi humo miaka miwili hivi, akafariki Septemba 1852. Joseph alikuwa na miaka 13. Mwaka 1901 yeye ndiye aliyekuwa rais wa kanisa lile lote.

Tuangalie vizuri, wamama. Mary hakufanya yote peke yake. Dada yake Mercy na kaka yake Joseph Fielding walikuwa katika uhamaji ule, na watoto walifanya kazi. Alichokataa ni kuitwa mzigo na kuamuliwa na mwingine.

Kwetu pia, maiti ikiisha kuzikwa, mara nyingi wazee wa ukoo huketi kuzungumza juu ya parseli, na mjane yuko jikoni. Sheria ya Familia ya inchi yetu inampa mjane haki ya kuendelea kukaa ndani ya nyumba aliyoishi na mume wake. Lakini ni vigumu kuidai haki hiyo kama ndoa haikuandikishwa serikalini, au kama karatasi za parseli ziko kwa shemeji.

Basi, katika vikundi vyetu juma hili, kila mama ajiulize: ndoa yangu imeandikishwa? Karatasi za nyumba ziko wapi, na jina gani limeandikwa juu yake? Na kama kuna mjane kati yetu, tumwendee sasa, tumuulize yeye mwenyewe anataka nini.