Mgeni wa uani anapofunga safari

Jumamosi moja mwishoni mwa mwezi wa tatu nilikuwa uani hapa kwetu Ruiru nikifua sare za shule, niliposikia vifijo vya watoto nyuma ya nyumba. Mara kifunguamimba wangu, aliye Gredi ya Tano, akatokea mbio, manati ikimning'inia shingoni.

"Mama, nimempata! Jiwe moja tu!" akasema, akanifungulia kiganja.

Mlikuwa na kijidege aliyekwisha kufa. Mgongo wake ulikuwa na rangi ya majani yaliyofifia, kifua manjano hafifu, na juu ya jicho alikuwa na mstari mwembamba mweupe. Nilipompokea, nusura nisihisi kitu mkononi. Uzito wake haukuzidi vijiko viwili vidogo vya sukari.

Nitasema ukweli, mpenzi msomaji: sikukasirika. Ni wangapi kati yetu waliokua bila kuiona manati ama mtego wa ulimbo? Nilimwambia tu akamtupe, kisha anawe mikono kwa sabuni. Laiti si jirani yetu, mwalimu mstaafu ambaye kila asubuhi huota jua barazani kwake, mambo yangeishia kwenye pipa la taka.

"Mama, hebu mlete hapa kwanza," akaita. Alimgeuza-geuza, akamkunjua bawa, kisha akamgeukia mwanangu. "Kijana, unajua huyu alizaliwa wapi?"

"Hapo kwenye mgunga, Mwalimu," mtoto akajibu, akiuonyesha mti mkubwa ulio nyuma ya ploti yetu.

"La. Huyu alizaliwa Ulaya, au pengine Urusi. Alikuja kwetu kukimbia baridi, na siku hizi alikuwa akila kwa pupa ajiandae kurudi kwao. Umemuua mgeni aliyekwisha kufunga mizigo."

Mtoto aliduwaa. Nami pia niliduwaa, maana nilidhani kijidege yeyote anayerukaruka uani kwangu ni mwenyeji wa Ruiru kama mimi.

Juma hilo lote nilisoma na kuuliza. Kumbe kila mwaka, kuanzia mwezi wa tisa na wa kumi, ndege wengi mno hushuka kutoka kaskazini ya dunia kuja Afrika. Hukaa nasi msimu wote ambao kwao ni wa theluji. Halafu kati ya Machi na mwanzo wa Mei, wakati sisi tunatazamia mvua ya masika, kwao miti inachipua na wadudu wanajaa tena. Hapo ndipo wanapofunga safari.

Huenda ukauliza: kwa nini wasibaki hapa penye joto na chakula? Jibu liko kwenye urefu wa mchana. Hapa kwetu karibu na ikweta, jua hukaa angani kwa muda wa saa 12 hivi, Januari hadi Desemba. Katika nchi kama Sweden, mwezi wa sita mchana huweza kufika saa 18 na zaidi. Ndege mwenye makinda matano au sita yanayolia njaa hupata saa nyingi za kuwatafutia riziki.

Basi hapa ambapo mchana haubadiliki, huyo ndege hujuaje kwamba wakati umewadia? Katika miaka ya 1960 mtafiti Mjerumani, Eberhard Gwinner, alifuga ndege wa aina ile ile aliyeuawa na mwanangu, akawawekea mwanga wa saa 12 na giza la saa 12 bila kubadilisha. Msimu wa kusafiri ulipofika, ndege wale walianza kuhangaika usiku kucha. Ndani ya kile kichwa kidogo mna kalenda.

Waingereza wamempa kijidege huyu jina la mti wao uitwao willow. Mwaka 2018 watafiti walichapisha habari za baadhi yao waliofungwa vifaa vidogo sana mgongoni kule mashariki ya mbali ya Urusi. Ilibainika kwamba waliruka takriban kilomita 13,000 hadi upande huu wetu wa Afrika, kwenda tu. Ndege wa gramu 10! Wewe na mimi hulalamika matatu ikikwama dakika 20 kwenye barabara ya Thika.

Isitoshe, elimu hii yote kuhusu ndege wasafiri inatudai sisi Waafrika fadhila. Zamani Wazungu wengi waliamini kwamba mbayuwayu hujificha ndani ya matope ya maziwa wakati wa baridi. Kisha mwaka 1822, karibu na mji wa Klütz nchini Ujerumani, alipatikana korongo mweupe aliyechomwa shingoni na mkuki wa Kiafrika wenye urefu wa sentimita 80 hivi. Alikuwa ameruka nao mpaka kwao. Korongo huyo angali amehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock. Nasi hapa Kenya, tangu mwaka 1969, wataalamu wamekuwa wakikutana Ngulia, katika mbuga ya Tsavo Magharibi, kuwanasa ndege wasafiri usiku wa ukungu, kuwavisha pete nyepesi miguuni na kuwaachilia. Pete hizo zikiokotwa ng'ambo, njia ya ndege hujulikana.

Jumamosi iliyofuata nilimchukua mwanangu tukapanda matatu hadi Thika. Tulianzia penye hoteli ya Blue Post, iliyofunguliwa mwaka 1908, pale ambapo maporomoko ya mto Chania na ya mto Thika yamekaribiana. Tuliagiza soda mbili, tukakaa chini ya miti. Haikupita nusu saa tukasikia sauti laini juu angani, kama mtu anayepuliza filimbi yenye maji ndani. Lilikuwa kundi la ndege wala nyuki, wale wa Ulaya wenye koo la manjano na mgongo wa rangi ya chai, wakielekea kaskazini. Mwanangu alihesabu 31, akayaandika kwenye daftari.

Kutoka hapo tulikwenda kwenye mabwawa ya majitaka ya Thika. Usicheke, msomaji! Harufu ipo, siwezi kukuficha, lakini watazamaji ndege wanayajua mabwawa haya tangu zamani. Tuliomba ruhusa langoni, tukapewa. Kando ya maji palikuwa na kitwitwi wa aina mbalimbali wakidonoa matope bila kupumzika. Aina nyingine za ndege wasafiri hukaribia kuongeza uzito wao maradufu kabla ya kulivuka jangwa la Sahara, kwa sababu huko hakuna hoteli. Mafuta yale ndiyo petroli yao. Kila mdudu wanayemmeza hapa Thika ni hatua fulani ya safari.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame kidogo. Mji wetu wa Ruiru ulikuwa mji wa kahawa. Jina lake limebebwa hata na aina ya kahawa, Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985. Leo mashamba mengi yamegeuka nyumba. Kwa hesabu ya watu ya 2009 mji ulikuwa na wakazi 238,858, na ile ya 2019 ilipata 490,120. Ni zaidi ya maradufu katika miaka 10. Watu hao, nikiwemo mimi, lazima walale mahali. Lakini kila ploti inayosafishwa hadi udongo kisha ikamwagwa saruji ukuta kwa ukuta, ni kituo kimoja cha petroli kilichofungwa.

Jambo hili lilibisha mlangoni kwetu. Mama mwenye nyumba, ambaye wapangaji wote tunamwita Shosho, alikuwa amekwisha kuagana na fundi: mgunga ule ung'olewe, pajengwe vyumba sita. Mwanangu aliposikia, hakuniuliza. Alimwendea na daftari lake.

"Shosho, tafadhali ngoja kidogo. Wageni hawajaondoka."

"Wageni gani hao wasiolipa kodi?" Shosho akauliza.

Mtoto alimsomea: tarehe, saa, ndege wangapi. Shosho alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanitazama mimi. "Mama, mimi ni mjane. Karo ya wajukuu wangu itachumwa kwenye matawi ya mti?"

Sikuwa na jibu, na sina hata sasa. Sitamlaumu mtu anayetafuta riziki kwa haki. Alikubali kungoja hadi mwezi wa tano. Baada ya hapo, alisema, ataongea na fundi kama vyumba vinaweza kuwa vitano, mti ubaki pembeni. Hakuahidi. Ni hilo tu tulilolipata.

Kama nawe una mtoto mwenye manati, usimvunje moyo kwa kiboko. Watu hubadilika wakielezwa. Mwaka 2012, katika jimbo la Nagaland nchini India, wanakijiji walikuwa wakinasa kwa nyavu makumi ya maelfu ya kozi wadogo wa Amur, ndege wanaotoka Asia ya mashariki, wakavuka Bahari ya Hindi na kupita hata hapa Kenya. Habari ikaenea, wazee, makanisa na serikali wakaketi na wanakijiji, na mwaka uliofuata, 2013, uuaji ule ukakoma. Waliokuwa wawindaji wakawa walinzi. Ikiwa kijiji kizima kiliweza, mtoto mmoja wa Ruiru atashindwa?

Tena wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawa wageni wetu hula viwavi, vidukari, nzi na mbu. Sukuma wiki yako ya uani haijui kama aliyeisafisha ni mzaliwa wa Ruiru au wa Urusi.

Basi familia ifanye nini? Kwanza, tafuteni dakika 15 mapema asubuhi, saa kumi na mbili na nusu hivi, mketi uani kimya. Darubini ni nzuri lakini si lazima. Macho na masikio yanatosha kuanzia.

Pili, jifunzeni kutofautisha mgeni na mwenyeji. Mbayuwayu anayejenga kwa udongo chini ya paa la baraza lako ni wa hapa hapa. Msafiri hajengi Kenya. Yeye utamwona amejipanga na wenzake kwenye nyaya za stima, koo lake jekundu la kutu, mkia wenye nyuzi mbili ndefu. Na yule ndege wa mvua, anayerudia noti zake tatu mchana kutwa mpaka ukachoka, yeye ni msafiri wa ndani ya Afrika. Wengine wakiondoka, ndiyo kwanza anafika.

Tatu, wekeni daftari. Andikeni tarehe mliyomwona ndege kwa mara ya mwisho mwezi wa nne, na tarehe atakayorudi mwezi wa tisa au wa kumi. Mwanafunzi anayetaka kwenda mbali zaidi awatafute Nature Kenya. Matembezi yao ya Jumatano asubuhi ya kutazama ndege yalianzishwa Nairobi mwaka 1971 na Fleur Ng'weno, na wataalamu wengi wa ndege nchini wamepitia humo. Vilevile, Jumamosi ya pili ya mwezi wa tano ni Siku ya Ndege Wahamao Duniani, iliyoanza kuadhimishwa mwaka 2006. Iwekeni kwenye kalenda ya nyumbani.

Nne, na hili ni la wenye ploti: kabla ya kung'oa mti, jiulize kama ramani haiwezi kusogea mita mbili. Ikishindikana, acha ua wa miti badala ya ukuta mtupu. Na kama lazima ukate, usikate Machi wala Aprili.

Kwetu, mwanangu amepanda mbegu za mgunga kwenye mikebe minne ya maziwa. Mbili zimeota. Nimemweleza kwamba mche wa mkebeni hautalingana na mti wa Shosho kabla yeye mwenyewe hajawa mtu mzima. Ameniambia anajua.

Mpaka Jumatano iliyopita kijidege mmoja alikuwa bado mle mgungani akiimba wimbo wake wa kushuka ngazi, sauti ikififia kila anapofika mwisho. Alhamisi asubuhi tuliketi dakika 15, halafu nyingine 15. Kimya. Mwanangu alifungua daftari akaandika tarehe, na mbele yake neno moja: "Ameondoka." Kisha akalifunga kwa mpira uliokuwa wa manati yake.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.